Masale yangu yalikufa mara mbili kabla ya kushika

Juzi msomaji mmoja kaniandikia kwa uchungu: kanunua kiwanja Moshi mjini, kapanda kwenye mpaka wote masale, ile mimea ya majani marefu ambayo sisi Wachaga huiweka mipakani, na yote yamekauka. Nimemwelewa mno, maana nami nimepita humo humo.

Kwetu ni Marangu. Baba alipofariki, kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kiligawanywa kati yangu na kaka yangu. Mwezi wa Januari, jua likiwaka, nikachukua panga nikakata masale kwa jirani na kuyachomeka mpakani peke yangu, bila kumwita kaka. Nilikuwa nimeshafyeka migomba ya upande ule ili mstari uonekane. Ncha za majani zikaanza kuwa kahawia, kisha jani zima, na mwezi haukuisha nikawa na safu ya vijiti.

Masika yalipoanza nikarudia. Safari hii nilipanda kwenye bonde dogo ambako maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, hutuama. Nilipovuta kipande kimoja kilitoka laini kama ndizi iliyooza. Hata vichache vilivyochipua, kaka alikuja akaving'oa, akisema nimesogeza mpaka. Kwa Mchaga, kung'oa isale la mpakani si jambo dogo. Bado linaniuma, nisiseme uongo. Tukakaa mwaka mzima bila salamu.

Baadaye nilikubali kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu. Nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikaongozana na baba mkubwa hadi kwa kaka. Kwa mila, anayeletewa jani hilo hakatai kusamehe. Alilitazama muda mrefu, akalipokea. Aprili iliyofuata alikuja na panga lake mwenyewe.

Yeye ndiye aliyejua kupanda. Alikata pingili za urefu wa mkono kutoka kwenye shina lililokomaa, upande wa chini akiukata mshazari ili tusizipande kichwa chini. Tukazilaza chini ya mgomba siku tatu hadi kidonda kikauke, ndipo tukazifukia theluthi moja kwenye udongo usiotuamisha maji. Kivuli, kivuli, kivuli! Masale ni mmea wa chini ya miti, wa misitu yenye unyevu ya milimani, na hukutwa hata juu ya mita 2,000. Ndiyo maana Ulaya huyaweka kwenye vyungu ndani ya maofisi, penye mwanga hafifu, nayo yanabaki kijani mwaka mzima.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Moshi mjini, huko chini joto ni kali. Anza na kivuli, panda masika, mwagilia bila kufurikisha. Halafu, kabla hujashika panga, waite jirani na ndugu wasimame mpakani wakushuhudie. Vijana tunakimbilia hati na kuta za matofali huku hatusemezani na tuliozaliwa nao tumbo moja. Acheni hayo. Nendeni mkaongee.

Leo mpaka wetu una masale 43, yote hai. Mwezi uliopita moja limetoa shada refu la maua, vitumba vyake vina wekundu kwa mbali, na hufunguka meupe jua likishazama. Harufu ilijaa hadi jikoni. Saa tatu usiku simu ikaita, ni kaka, kutoka upande wake wa mstari.

"Umeisikia harufu?" akauliza.