Barakoa peke yake haitoshi kwa vumbi la silika
Ndugu, umeuliza kama mwajiri akishagawa barakoa kwa wanaokata mawe na zege amemaliza wajibu wake. Hapana, hajamaliza. Barakoa ni kinga ya mwisho. Kwanza vumbi la silika, yaani madini yaliyomo kwenye mawe na zege, lizuiwe pale linapotokea: msumeno umwagiwe maji wakati wa kukata, au mashine iwe na kifaa cha kufyonza vumbi papo hapo. Na tafadhali, msifagie sakafu ikiwa kavu, hilo huwaponza wengi.

Chembe zinazoua ni ndogo mno kuonekana kwa macho, kwa hiyo hewa kuonekana safi si ushahidi. Lazima ipimwe. Marekani, kanuni ya mwaka 2016 ya OSHA, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, iliweka kikomo cha mikrogramu 50 za silika kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Ikifika 25 tu, wajibu wa mwajiri chini ya kanuni hiyo unaanza. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu Julai 2024 imepiga marufuku mawe ya kutengenezwa kiwandani, yale yanayowekwa juu ya makabati ya jikoni. Nawaunga mkono kabisa, maana silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hili, haina tiba, na kovu likishaingia kwenye mapafu halifutiki. Wewe huko kazini, omba kwanza kuona matokeo ya vipimo vya hewa.