Presha ya jicho 24 Chake Chake, 17 Unguja: tuamini ipi?

SWALI: Assalaam alaykum. Mama yangu, miaka 56, alipimwa Chake Chake kwa mashine ya kupuliza upepo, presha ya jicho la kulia ikawa 24. Wiki mbili baadaye, Unguja, alitiwa tone la njano akaambiwa 17. Mashine ipi imekosea?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Huenda hakuna iliyokosea. Presha ya kawaida ni baina ya 10 na 21, nayo hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Kwa wengi asubuhi huwa juu. Ukipulizwa upepo ukashtuka, ukakaza kope au ukazuia pumzi, namba hupanda, ndiyo maana kila jicho hupulizwa mara tatu na kuchukuliwa wastani. Hata ushungi uliobana shingo, au lita ya maji iliyonywewa kwa mkupuo muda mfupi kabla, huipandisha.

Tone la njano ni la tonometa ya Goldmann, mashine ya kupima presha ya jicho tunayoitegemea zaidi. Jicho hutiwa ganzi, kisha kioo cha mbele, yaani konea, hubonyezwa mpaka kilale bapa kwa upana wa milimita 3.06. Nayo ina kasoro yake: hesabu yake imejengwa juu ya konea yenye unene wa maikromita 520 hivi. Konea nene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Nyembamba hutoa ndogo, na hiyo ndiyo inayonitia khofu, kwani mgonjwa hurudi nyumbani ameridhika na huku mshipa wa fahamu wa jicho, unaopeleka picha kwenye ubongo, unaliwa. Kwa hiyo ulizeni: unene wa konea ya mama umepimwa? Ni kazi ya dakika chache.

Tena presha peke yake si glakoma, yaani ugonjwa unaoharibu mshipa huo. Wapo wanaoharibikiwa na mshipa kwa 16, na wapo wanaoishi na 24 salama. Mshipa utizamwe mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, upigwe picha, na ikipatikana mashine ya OCT, inayopiga picha ya tabaka za ndani ya jicho kwa mwanga, upimwe unene wa nyuzi zake. Picha ya OCT yenye ubora mdogo irudiwe. Aghlabu kinachoharibu picha ni ukavu wa jicho au mtoto wa jicho. Kipimo cha upeo wa kuona nacho, cha kubonyeza kitufe kila uonapo mwanga, wengi hukosea mara ya kwanza kwa ugeni tu.

Safari ijayo ombeni karatasi yenye namba, saa ya kupimwa, aina ya mashine na unene wa konea, mvuke nayo bahari kila mnapokwenda.