Mitindo ya Jukwaani, Nguo za Kabatini: Maswali ya Wasomaji wa Kusini

Katika toleo lililopita tulichapisha picha za maonyesho ya mavazi ya Paris, na barua nyingi zilizofika kutoka Mtwara na Lindi ziliuliza karibu jambo moja: mtu asiye na fedha za kununua nguo ya mbunifu mkubwa atawezaje kuipata sura ile kwa nguo alizo nazo nyumbani? Ninajibu hapa zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Nilivutiwa na lile koti lililobana kiunoni, likiwa limevaliwa na sketi pana iliyojaa. Mimi ni karani wa ofisi. Ninayo makoti mawili ya kazini, sketi moja nyeusi iliyonyooka na doti kadhaa za kanga. Naweza kupata sura ile bila kununua kitambaa kipya? — Msomaji, Chikongola, Mtwara.

JIBU: Unaweza, dada yangu, tena bila kukata hata kanga moja. Kwanza iweke picha hiyo mbali nawe na uitazame mpaka usione vifungo wala nakshi, ubaki na umbo tupu, kwa maana hilo ndilo unalolitafuta. Umbo hilo lilionyeshwa na mbunifu wa Kifaransa Christian Dior mjini Paris tarehe 12 Februari 1947. Vazi lake lililosifiwa zaidi lilikuwa koti la hariri lenye rangi ya maziwa, lililobanwa sana kiunoni na kutunishwa kwenye nyonga, juu ya sketi nyeusi ya sufu yenye marinda iliyoshuka chini kabisa ya magoti. Vita vilikuwa vimekwisha chini ya miaka miwili kabla, nguo nchini Uingereza zilikuwa zingali zikiuzwa kwa mgao, na wapo waliokasirika kuona kitambaa kingi kiasi kile kimetumika kwa sketi moja. Utaona basi kwamba nguvu ya vazi lile ilitokana na tofauti kati ya wembamba wa kiuno na upana wa kilichofuata chini yake, na pia tofauti kati ya weupe wa juu na weusi wa chini. Hariri na sufu unaweza kuziacha, na sufu ni lazima uiache, kwa sababu haivaliki katika joto na unyevu wa pwani yetu.

Chukua doti moja ya kanga ambayo haijakatwa. Unganisha vipande viwili ubavu kwa ubavu kwa mshono wa mkono wenye hatua ndefu. Kila kipande kina urefu wa takriban mita moja na nusu, kwa hiyo utapata mzunguko wa karibu mita tatu, nao upana wake, ambao ni mita moja na kidogo, utashuka hadi karibu na vifundo vya miguu kwa mwanamke wa kimo cha kawaida. Pitisha uzi imara kwenye ukingo wa juu, uuvute mpaka mikunjo ijae kiunoni, kisha uvae juu ya sketi yako nyeusi, ambayo itafanya kazi ya gagulo. Pindo la kanga litaangukia chini kabisa pande zote, jambo ambalo fundi wa kitambaa kingine angelazimika kulitafuta kwa kuongeza utepe. Chagua kanga yenye rangi nzito na mji usio na michoro mikubwa, kwa sababu mchoro mkubwa huvuta jicho na kulitoa kiunoni.

Kwa upande wa koti, chagua lile la rangi nyepesi. Mwombe fundi alibane mgongoni kwa mishono miwili ya wima, asipunguze kitambaa kilichobaki ndani, ili siku ukitaka kulirudisha lifumuliwe. Likiwa refu kupita nyonga, likunjwe kwa ndani mpaka liishie pale nyonga zinapoanza kupanuka. Koti linalofika mapajani huificha sketi na kazi yote ikapotea. Ukimaliza kuvaa, fumua mshono wa kanga, nayo itarudi kuwa doti kama ilivyokuwa.

SWALI: Nilinunua koti zuri la mitumba hapa Lindi, linafanana kabisa na makoti mafupi ya Chanel yasiyo na kola, lakini likivaliwa linainuka mbele na kukunjamana. Kasoro iko wapi? — Mwalimu, Lindi mjini.

JIBU: Kasoro huenda iko kwenye uzito. Makoti ya Chanel, nyumba ya mitindo ya Paris, hushonewa mnyororo mwembamba kwa ndani, kando ya pindo la chini, ili koti linyooke hata mvaaji anapoinua mikono. Wewe unaweza kutumia mnyororo wa mkufu uliokatika au wa mkoba uliochakaa, ukiushikiza kwenye bitana kwa hatua ndogondogo kila baada ya sentimita mbili hivi. Ninakusihi uutoe kabla ya kulifua, kwa sababu hewa yetu ya chumvi huleta kutu upesi na doa la kutu halitoki kwa urahisi.

Lakini angalia pia mabega, na hapa nazungumza na kila anayechagua koti kwenye marundo ya mitumba. Mshono wa bega unatakiwa ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Kiuno hubanwa, mikono hufupishwa na vifungo hubadilishwa, ila bega likiwa limekosewa fundi atalazimika kulibomoa koti karibu lote, na mafundi wengi watakuambia kwa haki kwamba gharama hiyo haina maana. Anza na bega. Lisipokaa vizuri, liache koti hilo hata kama rangi yake imekupendeza.

SWALI: Mimi ni kijana wa kiume. Naona majukwaani wanaume wanavaa suti pana, nami baba yangu amenipa suti yake ya zamani. Nikiivaa naonekana nimeazima. — Msomaji, Masasi.

JIBU: Upana unaokusudiwa na kutokuenea hutofautiana katika sehemu mbili tu, yaani kwenye kifundo cha mkono na kwenye kiatu. Mikono ya koti iishie kwenye kifundo cha mkono, na suruali iguse kiatu bila kujikunja mara mbili. Ukirekebisha hayo mawili, upana wa kifua na mapaja utaonekana umekusudiwa. Giorgio Armani, mbunifu wa Kiitaliano aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1975, alijipatia sifa kwa kuondoa bitana nzito na vijazio vilivyokuwa vikilikakamaza koti la suti, na hilo linatufaa sana sisi wa huku. Mwombe fundi aondoe bitana ya mgongoni. Utapata koti linalolegea vizuri, na joto litapungua.

SWALI: Mimi ni mwanamke wa Kiislamu na sitaki kuacha stara. Nguo nyingi za jukwaani ziko wazi. Je, mambo haya yananihusu? — Msomaji, Mikindani.

JIBU: Yanakuhusu sana, dada, na pengine una nafasi kubwa kuliko wengine. Mbunifu Rei Kawakubo wa Japani alipoanza kuonyesha kazi zake Paris mwaka 1981, aliwashangaza watazamaji kwa nguo pana, nyingi zikiwa nyeusi, ambazo hazikufuata mwili wa mvaaji hata kidogo. Dera lako tayari lina upana huo. Likusanye upande mmoja tu, chini kidogo ya kiuno, ulishikize kwa pini mbili kwa ndani, nalo litaanguka kwa mshazari; vaa suruali pana chini yake, na ushungi wa rangi ileile ili macho yasikatizwe njiani. Gauni lililo wazi mabegani nalo usiliache: livae juu ya blauzi yenye mikono mirefu ya pamba nyepesi. Ninachokuonya ni kurundika nguo tatu au nne kama wanavyofanya kule kwenye baridi. Mbili zinatosha.

SWALI: Kuiga kazi ya mtu si wizi? — Mama wa Newala.

JIBU: Swali hili nimelipenda, mama, na ninalijibu kwa uzito linaostahili. Kujivalisha mwenyewe kwa kufuata umbo uliloliona si wizi. Kubandika nembo ya kampuni ya mtu kwenye nguo yako na kuiuza ni udanganyifu, na hilo sitamshauri msomaji yeyote. Tukumbuke pia kwamba majukwaa yenyewe yameazima kwetu. Mwaka 1967 mbunifu wa Paris Yves Saint Laurent alionyesha magauni ya shanga na rafia (nyuzi za majani ya mti wa jamii ya mitende) aliyoyaita ya Kiafrika, na mwezi Aprili 2019 kampuni ya Dior ilifanya onyesho Marrakech kwa vitambaa vya jamii ya vitenge vilivyochapwa na kiwanda cha Uniwax cha Abidjan. Vitenge hivyo navyo vilitokana na viwanda vya Uholanzi vya karne ya 19 vilivyoiga batiki za Java. Ninaloliona la heshima ni kumtaja mwenye wazo pale mtu anapokusifu, awe mbunifu wa Paris au fundi wa jirani yako. Na kutumia nguo kuukuu si unyonge: Martin Margiela, Mbelgiji aliyeanzisha nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1988, alijulikana kwa kufumua nguo zilizokwisha kuvaliwa na kuziunda upya, hata akatengeneza sweta kwa soksi za jeshi.

SWALI: Nina harusi ya mdogo wangu mwezi Novemba na nataka kubadilisha gauni langu la zamani. Nianze lini? — Msomaji, Tandahimba.

JIBU: Anza Agosti. Minada ya korosho ikianza Oktoba na fedha zikishika mikononi mwa watu, harusi hufuatana na mafundi huelemewa, na kazi ya kubadilisha nguo ya zamani, ambayo inahitaji kufumua taratibu kabla ya kushona, ndiyo huwekwa nyuma kuliko zote. Mpelekee fundi gauni likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, pamoja na picha mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, kwa maana fundi asiyeiona nyuma ataibuni mwenyewe. Ulivae mara ya kwanza likiwa bado na mishono ya muda, ukiwa na viatu vilevile utakavyovaa siku ya harusi, kwa sababu pindo hupimwa kwa kiatu.