Sheikh, stoo yetu ya polisi imejaa bangi tuliyokamata. Tuichome, tuiuze au tuipeleke hospitali?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni polisi, nimewekwa kuangalia stoo ya vidhibiti kituoni kwetu na zaidi ya nusu ya stoo ni bangi, magunia juu ya magunia, mengine yana miaka kwa sababu kesi hazijaisha, mengine kesi zilishaisha ila hakuna aliyeleta amri ya kuyaondoa. Wenzangu wanabishana kila siku. Wapo wanaosema iuzwe kwenye nchi zilizohalalisha, hela ipewe yatima na wajane wa askari. Wapo wanaosema ipelekwe hospitali maana siku hizi bangi ni dawa. Bosi anasema ichomwe. Mwezi uliopita tulichoma fungu moja nyuma ya kituo, upepo ukageuka ukatuletea moshi wote, nikaja kuswali Asri kichwa kinazunguka. Halafu kuna mwenzetu mmoja anachota kidogo kidogo, ukimuuliza anasema si itachomwa tu hii. Naomba mwongozo, na ile swala yangu vipi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kuna kitu umekiweka mwishoni kama nyongeza lakini mimi ndo naanza nacho, maana hayo mengine ni mambo ya hukumu na utaratibu, hili la mwenzenu anayechota ni moto kabisa.

Yeye anaona kile kitu hakina thamani, ni haramu, kinasubiri moto, kwahiyo akichota hajamwibia mtu. Kweli wanazuoni wamesema kitu cha haramu kama pombe hakina thamani kisheria kwa Muislamu, sawa, lakini hapa hatuongelei thamani, tunaongelea amana. Mtume (s.a.w) alisema yeyote tuliyempa kazi kisha akatuficha sindano au zaidi yake basi hiyo ni ghuluul, yani khiyana ya mali ya amana, atakuja nayo siku ya Kiyama, hadithi hii ipo kwenye Sahih Muslim. Sindano! Na Allah anasema kwenye Aal Imran aya ya 161 kwamba anayefanya khiyana atakuja Kiyama na kile alichokikhini. Baada ya vita vya Khaybar kuna mtu alipigwa mshale akafa, watu wakasema hongera yake amepata shahada, Mtume akasema hapana, ile shuka aliyoichukua kwenye ngawira kabla haijagawanywa inamuwakia moto. Mtu mwingine aliposikia hivyo akaleta kamba ya kiatu, moja au mbili, akaambiwa hiyo ni kamba ya moto. Sasa huyo mwenzenu mwambie apime gunia lake kwa mizani hiyo.

Tena kuna jambo wengi hawalifikirii. Ile bangi inayotoka stoo kimya kimya inaenda wapi? Nyingine inarudi mtaani ileile mliyoikamata, yani mmeshakuwa mnyororo wa biashara. Nyingine, na hii ndo inaniuma zaidi, inaishia mfukoni mwa kijana ambaye hajawahi hata kuigusa, anasimamishwa usiku, anapekuliwa, "inapatikana" kete mbili, maisha yake yanaharibika kwa kubambikiwa. Misokoto hiyo ilitoka kwenye stoo ya nani? Mtume alipomtuma sahaba wake Muadh kwenda Yemen alimwambia aogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa sababu kati yake na Allah hakuna pazia. Wewe ndo unashika funguo ndugu yangu, na wewe ndo unasaini kwenye kitabu.

Kwahiyo usinyamaze. Anza naye faragha kama ndugu, mwambie kwa upole, Mtume kasema mnusuru ndugu yako akiwa dhalimu au akiwa kadhulumiwa, na kumnusuru dhalimu ni kumzuia. Asipoacha, andika kwa maandishi kwa aliye juu yako na ubaki na nakala. Hiyo sio umbea wala usaliti wa wenzako, kwa maana usaliti wenyewe ni ile saini yako chini ya kilo ambazo unajua hazipo.

Na msije mkasema panya. Sisemi hivi kwa kuwadhania vibaya, nasema kwa sababu imeshatokea. Kule Pilar, Argentina, mwaka 2018 zilikosekana kilo 540 za bangi kwenye ghala la polisi, askari wakamwambia hakimu zimeliwa na panya, wataalamu wakaulizwa wakasema panya hawezi kuidhania ile ni chakula, na kama kundi zima lingekula basi ghala lingejaa mizoga ya panya, askari nane wakaondolewa kazini. Mwaka 2022 polisi wa Mathura kule India nao waliieleza mahakama kwamba panya wamekula zaidi ya kilo 500. Sasa mimi siwezi kumhukumu mtu ambaye sikumuona, pengine panya kweli wapo na magunia wanayatoboa, ila wewe jiulize: kitu kinachokaa miaka mpaka panya wanapata nafasi ya kusingiziwa, kimekaa kwa faida ya nani?

Ndo maana nasema fitna kubwa kwenye swali lako ni ule muda, kuliko hata ile bangi yenyewe. Gunia la siku tatu halimshawishi mtu, gunia la miaka minne ambalo hakuna anayeliulizia linamshawishi hata mcha Mungu. Pia kuna ishu ya uzito, wewe mtunza stoo unaijua vizuri, bangi ikiingia mbichi imepimwa kilo fulani, ikikauka inapoteza sehemu kubwa ya uzito, sasa siku ya mahakamani mizani inasema kingine na aliyekuwa mwaminifu anaonekana mwizi na aliyekuwa mwizi anajificha kwenye "ilikauka". Pimeni inapoingia, pimeni tena ikishakauka, andikeni zote mbili na tarehe na waliokuwepo.

Tuje kwenye kuuza. Kwanza hukumu ya bangi yenyewe, hata kama haikutajwa kwa jina kwenye Qur'an, Mtume kasema kila kinacholevya ni khamr, yani kilevi, na kila khamr ni haramu. Hashishi, ambayo ni bangi hiyohiyo, ilipoenea kwa Waislamu baadae sana, wanazuoni wa zama zile akiwemo Ibn Taymiyya hawakuzunguka, walisema ni haramu. Hapo hakuna mjadala mrefu.

Hoja ya yatima naielewa, na naona nia nzuri ndani yake, ila hebu angalia hii. Pombe ilipoharamishwa, sahaba Abu Talha alikuwa na yatima chini ya uangalizi wake, na hao yatima walikuwa wamerithi pombe. Yani ilikuwa mali YAO, urithi wao, waliupata kipindi bado ni halali. Akamuuliza Mtume afanyeje, akaambiwa imwage. Akauliza, nisiigeuze siki? Akaambiwa hapana. Kama kuna mahali huruma ya yatima ingeruhusu kitu hiki basi ilikuwa pale, kwa mtu aliyekuwa na huruma ya yatima kuliko sisi wote, ambaye mwenyewe alikua yatima. Haikuruhusu. Sasa itaruhusu vipi kwa bangi ambayo yatima wenyewe hawajawahi hata kuimiliki?

Na kuna yule mtu aliyemletea Mtume zawadi ya kiriba cha pombe, hakuwa na habari kwamba imeshaharamishwa, akaambiwa, akamnong'oneza jirani yake, Mtume akauliza umemnong'oneza nini, akasema nimemwambia akaiuze, akaambiwa Yule aliyeharamisha kuinywa ameharamisha pia kuiuza. Akafungua ikamwagika yote mpaka ikaisha. Na pombe imelaaniwa yenyewe na watu wake, anayeikamua, anayeibeba, anayebebewa, muuzaji, mnunuzi, anayekula pesa yake. Sasa polisi akiuza bangi ni nani kwenye orodha hiyo? Ni mbebaji na muuzaji kwa pamoja, na serikali ndo inakula pesa. Sheria ya nchi nyingine kuhalalisha haibadilishi kitu kwako wewe. Na hata kwa sheria za dunia, ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 unaruhusu biashara ya bangi baina ya nchi kwa ajili ya tiba na sayansi tu tena kwa vibali maalumu, sio mtu anapakia magunia ya vidhibiti kwenye lori anavuka mpaka.

Yatima na wajane wa askari wana haki, sikatai, tena kubwa. Watafutieni kwenye zaka, sadaka, waqfu, michango yenu ya mshahara wa halali hata kama ni midogo.

Kuna ndugu ataniletea khilafu, yani tofauti za wanazuoni, kwamba madhehebu ya Hanafi wanaruhusu kuigeuza pombe kuwa siki. Ni kweli wanaruhusu, na ni rai yenye heshima yake, lakini hapo wanaongelea kitu kilichogeuka kabisa na ulevi umeondoka. Kwa mantiki hiyo mimi binafsi sioni tatizo bangi ikisagwa, ikachanganywa na samadi na taka nyingine, ikaoza mpaka ikawa mbolea, maana hapo hakuna kilevi tena. Ila kumuuzia mtu gunia likiwa vilevile halijageuka chochote, umebadilisha mteja tu.

Hili la hospitali linahitaji uangalifu maana kuna ukweli ndani yake. Mafuqaha, yani wanazuoni wa sheria, wa zamani waliruhusu mmea unaopoteza fahamu utumike kwa mtu anayekatwa kiungo kilichooza, Imam Nawawi kaligusia hilo, kwahiyo dini haijafunga mlango wa tiba pale dharura ipo na tabibu mwaminifu kasema. Na ni kweli kuna dawa inatokana na mmea huu, Epidiolex, Marekani waliipitisha 2018 kwa watoto wenye aina kali za kifafa. Lakini ile dawa inatokana na mmea uliolimwa kwa ajili hiyo, umepimwa, kipimo kinajulikana kwa tone. Gunia lako wewe limetoka shambani kwa mtu usiyemjua, kapuliza sumu gani ya wadudu hujui, likalala stoo yenye unyevu likaota ukungu, na ukungu ule mtu mwenye mapafu dhaifu au kinga iliyoshuka akiuvuta unaweza kumuua. Utampa hicho mgonjwa na kumwambia ni sadaka? Tiba ina njia yake, kwa daktari na dawa iliyopimwa, na vidhibiti vina njia yake. Usivichanganye.

Kwahiyo bosi wako kasema kweli, iteketezwe. Na kuna aya naipenda sana hapa, Taha aya ya 97, Nabii Musa alivyomwambia Saamiriy kuhusu yule ndama aliyewatengenezea watu wakamuabudu, kwamba tutamchoma kisha tutamtawanya baharini atawanyike kabisa. Ndama wa mapambo ya dhahabu jamani! Angeweza kuyeyushwa, hela ikasaidia Banu Israil waliokuwa jangwani hawana kitu. Musa hakumbakiza hata kipande, na hakumuondoa kwa siri, watu waliokuwa wanamuabudu ndo waliona anavyoondoka.

Lakini kuchoma nako kuna adabu zake, na hapo wewe na bosi wako mmekosea nyote. Mtume kasema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mwaka 2015 polisi walichoma tani zaidi ya 3 eneo la Palmerah, Jakarta kule Indonesia, wakazi wakalalamika kizunguzungu. Mwaka 2025 mji wa Lice kule Uturuki zikachomwa tani 20 hivi, harufu ikakaa mjini siku kadhaa, watu wanasema wanazunguka vichwa na kichefuchefu, watoto wamefungiwa ndani. Mtu amekaa kwake hajavuta maisha yake yote halafu polisi ndo anamvutisha, hii haifai. Moto wa wazi pia hauiunguzi yote, katikati inabaki. Tafuteni tanuri la kuteketezea taka, au kiwanda cha saruji kama kinakubali, tanuri zao zinafika nyuzi 1,400 na kitu, haibaki harufu wala jani. Pasipo na hilo basi mbali na makazi, upepo umeangaliwa, na wanaochoma wamevaa barakoa za maana. Kufukia peke yake usikubali, usiku watu wanarudi na majembe.

Na kesi ambazo hazijaisha, hapo usichome kwa kujiamulia hata kama nia ni njema, maana kile ni ushahidi na kuna mtu uhuru wake umekalia juu yake, pengine kweli hana hatia. Zipo nchi sheria yao inaruhusu hakimu aje, ipimwe mbele yake, ipigwe picha, sampuli zichukuliwe zifungwe kwa lakiri, kisha mzigo uliobaki uteketezwe mapema na kesi iendelee na sampuli. Kama kwenu sheria ina njia hiyo itumieni kila wiki, kama haina ombeni, andikeni barua, msikae. Na siku ya kuteketeza ipimwe tena pale pale kwenye mdomo wa tanuri, ilinganishwe na kitabu, wawepo watu wa nje ya polisi, na asiondoke mtu mpaka imekuwa majivu. Kufuli ya stoo ziwe mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, itakulinda hata wewe na nafsi yako.

Sasa swala yako. Ule moshi hukuukusudia, huna dhambi inshaallah. Allah kasema kwenye An-Nisaa aya ya 43 msiikaribie swala mkiwa mmelewa mpaka mjue mnachokisema, kwahiyo kipimo ni hicho, kujua unachosema. Kama kichwa kilizunguka tu ila unakumbuka ulisoma nini na rakaa ulizijua, swala yako ni sahihi. Kama fahamu zilipotea hata kidogo basi udhu ulitenguka, na ilikupasa usubiri akili irudi, utawadhe upya ndo uswali. Na kama mpaka leo ukijaribu kukumbuka ile Asri unaona ukungu tu, hujui ulisoma nini, ilipe leo hii usingoje, ni rakaa nne tu.