Droni ya kamera ya kujiundia: anza na mizani, kisha nenda kwenye nyaya

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa droni ya kubeba kamera ya GoPro HERO9 na gimbali yake (kishikio cha kuituliza kamera) kwa ajili ya kupiga picha mashamba, uchukue fremu ya F450 au ile ya kaboni uliyoiona. La pili, nyaya za betri uzilehemu moja kwa moja kwenye bamba la chini la fremu, au ununue bodi ya pembeni ya kugawia umeme. Wadau wengi wamekujibu kuhusu fremu. Mimi nitakaa zaidi kwenye hilo la pili, kwa sababu droni yangu ya kwanza iliangushwa na kiungo kimoja cha waya, na fremu ilikuwa nzima kabisa.

Ila tuanze na fremu. Usiichague kwa macho. Azima mizani ya jikoni, weka kila kitu ulicho nacho, andika. Kamera yako ni gramu 158. Gimbali ya mihimili miwili huwa karibu 200. Mota nne za saizi ya 2212 ni kama 220, ESC (vidhibiti vya mwendo wa mota) nne za ampea 30 kama 100, betri ya 3S (seli tatu) ya 5000 mAh karibu 400. Pixhawk (bodi inayoiongoza droni), GPS na mlingoti wake, risiva, propela, nyaya na skrubu, weka 200, na hapo hujazidisha. Tayari tuko kwenye 1280 kabla ya fremu. F450 yenyewe ni gramu 282, na miguu mirefu ya kuinua gimbali isiguse ardhi inakaribia 100. Umeshapita 1600, na DJI, kampuni iliyoiunda, waliiwekea F450 uzito wa kuruka wa gramu 800 hadi 1600.

Itaruka? Itaruka. Lakini mota ya 2212 ya KV 920 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti) yenye propela ya inchi 10 kwenye 3S inanyanyua kama gramu 800 ikisukumwa mpaka mwisho. Nne zinakupa kilo 3.2 hivi, yaani hata mara mbili ya uzito wako hazifiki. Upepo wa alasiri ukiingia, mota hazina akiba ya kuinyoosha droni, gimbali inafika mwisho wa mzunguko wake, na picha inaharibika hata kama hujaanguka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni S500, ile ya nailoni na fiberi, pamoja na mota za 2216 za KV 880 na betri ya 4S. S500 na miguu yake ina uzito unaolingana na F450 uliyoiongezea miguu, ila inakupa nafasi. Kwenye fremu ya X, umbali kati ya mota mbili za jirani ni ulalo ukigawa kwa 1.41. Kwa F450, yenye ulalo wa milimita 450, unapata milimita 318, na propela ya inchi 10 ni milimita 254, kwa hiyo kati ya ncha na ncha inabaki sentimita 6 tu. S500 inakuachia zaidi ya sentimita 8. Pia ina reli mbili chini. Unaisogeza gimbali mbele mpaka propela zitoke kwenye picha, kisha unairudisha betri nyuma mpaka droni ikae sawa ukiinyanyua kwa vidole viwili katikati.

Kaboni ni ngumu na inapendeza, siikatai. Ila kaboni inapitisha umeme. Waya ukisuguliwa na ukingo wa bamba mpaka ganda likaisha, umepata shoti. Vilevile inazuia mawimbi, kwa hiyo antena ya risiva na GPS lazima zitoke nje yake. Na mkono wa nailoni ukivunjika unabadilisha huo mmoja kwa skrubu chache, kesho yake uko shambani. Kwa droni ya kwanza hilo lina thamani kubwa.

Sasa umeme.

Droni yangu ya kwanza niliiunda ili nipige picha mistari ya mkonge, huku Tanga. Waya wa silikoni sikuupata, nikatumia waya wa nyumba wa milimita mraba 1.5, ule wa kufungia taa. Nilijiambia shaba ni shaba. Ule waya ni uzi mmoja mgumu, na mota zikitetemeka haupindi, unahamishia mtetemo wote kwenye kiungo cha lehemu. Chombo changu cha kulehemu kilikuwa cha wati 30, na bamba la shaba lilikuwa linanyonya joto kuliko kilivyoweza kutoa. Risasi ya kulehemia ikakaa juu kama tone la nta, rangi ya kijivu, haing'ai. Nikavuta kwa mkono, nikaona imeshika. Ikaruka siku tatu. Siku ya nne, juu kama mita 25, mota moja ikazima na droni ikajiviringisha ikaingia katikati ya mikonge. Mwiba wa jani ukatoboa betri. Nilipofika ilikuwa inafuka moshi mweupe wenye harufu tamu ya kukaba koo, na sikuwa na la kufanya zaidi ya kusogea upande upepo unakotoka na kuimwagia udongo kwa mbali. Baadaye nilipolifungua bamba, waya ulitoka kwenye pedi bila kuvutwa. Chini yake palikuwa na shimo dogo la duara, safi, jeusi pembeni. Risasi haikuwahi kuungana na pedi.

Hesabu ya waya ule nilikuja kuifanya baadaye. Waya wa 1.5 una ukinzani wa kama miliomu 12 kwa mita. Kwenda na kurudi kutoka kwenye betri ilikuwa sentimita 60, yaani miliomu 7. Ukivuta ampea 40 unapoteza volti 0.3, na wati 11 zinageuka joto ndani ya fremu. Tumia waya wa silikoni wa nyuzi nyembamba nyingi, namba 12 (AWG) kutoka kwenye betri na namba 16 kwenda kwa kila ESC. Namba 12 ni kama milimita mraba 3.3. Na ufupishe. Kila sentimita usiyoihitaji ikate.

Kuhusu swali lako lenyewe: bamba la chini la F450 na S500 nyingi tayari ni bodi ya kugawia umeme, lina pedi za chanya na hasi, na linatosha. Huhitaji bodi nyingine. Angalia kwanza kwa multimita kama pedi zote za chanya zinaungana na kama kati ya chanya na hasi hakuna njia, kwa sababu fremu za kuigiza hutofautiana. Tumia chombo cha wati 60 au zaidi chenye ncha pana. Pasha pedi, siyo risasi. Risasi ikiyeyuka kwa joto la pedi itatandaa na kung'aa, na ukingo wake utalala chini badala ya kusimama. Pakaa pedi risasi kwanza, pakaa ncha ya waya, ndipo uviunganishe.

Plagi ya betri iwe XT60. Unapoilehemu, ichomeke na mwenzake, kwa sababu plastiki ikipata moto pini hulala upande na plagi haitaingia tena vizuri. Ingiza mpira wa kusinyaa kwenye waya kabla ya kulehemu.

Kati ya betri na bamba weka ile moduli ya umeme inayokuja na Pixhawk. Inaipa Pixhawk volti 5 na ushee na kuipimia volti na ampea za betri. Ile ya zamani mwisho wake ni 4S, usije ukaichomekea 6S. Ukishakuwa nayo, ESC zako zenye BEC (sehemu inayotoa volti 5) zisiingize umeme kwenye Pixhawk. Chomoa ule waya mwekundu kwenye kila plagi ndogo ya ESC, uviringishe kwa tepu, uache wa ishara na wa hasi tu. Lehemu pia kapasita ya mikrofaradi 470 au 1000, ya volti 35, kwenye pedi za betri. Miguu yake iwe mifupi, na uuangalie ule mstari wa hasi, kwa sababu ukiigeuza italipuka.

Kuna jambo moja ambalo watu wanalilipia kwa miezi: dira. Nyaya za betri zikipitisha ampea 20 au 40 zinazaa sumaku, na dira ya GPS inaisoma kana kwamba ni kaskazini. Droni inaanza kuzunguka duara ikiwa imetulia hewani, duara linapanuka, kisha inakimbia. Dawa ni mbili. Sokota waya chanya na hasi pamoja kama kamba, ili sumaku ya mmoja ifute ya mwenzake. Na inua GPS kwenye mlingoti, sentimita 10 na zaidi juu ya bamba. Ukitumia ArduPilot (programu ya kuongozea droni), fanya pia kile kipimo cha CompassMot, cha kuona mota zinavyoivuruga dira, kabla ya kwenda uwanjani.

Kwenye ArduPilot hiyohiyo, soma logi ya mtetemo baada ya mruko wa kwanza. Chini ya 30 (mita kwa sekunde mraba) uko salama. Ukiona 60, usipande juu, sawazisha propela kwanza. Mtetemo huohuo ndio unaofanya video icheze kama uji.

Skrubu za mota ni jambo fupi lakini zimeua mota nyingi. Zikizidi urefu zinagusa shaba ya ndani. Funga, kisha pima kwa multimita kati ya skrubu na waya wa mota.

Siku ya kuwasha, usichomeke betri moja kwa moja. Tafuta balbu ya breki ya gari, volti 12 wati 21, iunganishe kwenye waya chanya kati ya betri na droni. Propela zitoke zote. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu na kuumeza umeme, hakuna kitakachoungua. Ikimulika mara moja ikazima, endelea. Kisha toa balbu, rudisha propela, fanya mruko wa dakika mbili, mita moja juu, utue, uchomoe, na uguse kila kiungo kwa kidole. Kinachochoma lehemu upya.

Kwa 4S ya 5000 mAh na kilo 1.8 tarajia dakika 12 hivi, na utue volti zikifika 3.5 kwa seli, yaani 14. Kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) na cha Wizara ya Ulinzi kianze mapema, kabla hata hujamaliza kuunda.

Pima gimbali yako ulete namba hapa, pamoja na picha ya bamba la chini kabla hujalifunika.