Ritani za iTax: Karatasi Haitarudi, Lakini Daftari Lako Bado Lipo

Tangu 2015, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, haipokei ritani, yaani taarifa za mapato na ushuru, za karatasi. Mwenye duka Garissa, mwalimu mstaafu Taveta na meneja wa benki kule Westlands wote wanapita mlango mmoja, mfumo wake wa mtandaoni uitwao iTax, na mlango wenyewe umeandikwa Kiingereza kitupu. Ritani ya mapato ya mwaka uliopita inatakiwa iwe imeingia kabla ya Juni 30 kwisha. Ukichelewa, mtu binafsi anatozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa. Hakuna tena dirisha la kumkabidhi karani karatasi ukimwambia, "Mwanangu, mimi haya ya kompyuta siyawezi."

Wanaolalamika wana haki. Fomu ya karatasi uliweza kuisoma yote kabla ya kuandika chochote. Hesabu uliifanya mwenyewe ukaona inavyokwenda. Nakala ilibaki kwako. Mfumo wa mtandao haukukatazi lolote kati ya hayo, ila haukupi pia. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: jaza ritani yako kwanza kwenye daftari, mpaka shilingi ya mwisho, ndipo uende iTax. Mtandaoni uende kunakili tu. Wengi wanaokwama hukwama kwa sababu wanaanza kuhesabu wakiwa ndani ya mfumo, huku saiba inawahesabia dakika na ukurasa unakaribia kuwatoa nje.

Kwa aliyeajiriwa, shina la yote ni fomu ya P9, muhtasari wa mshahara na makato yako ya mwaka. Idai kwa mwajiri mapema, mwaka mpya unapoanza, usingoje Juni. Ikifika, angalia mambo manne: PIN (namba ya mlipaji ushuru) ya mwajiri, PIN yako, kama miezi yote uliyofanya kazi imo, na jumla ya PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara. Herufi moja ya PIN ikikosewa, makato yako yanakwenda kwa mtu mwingine au hayaendi kokote, na iTax itakuonyesha kama mtu aliyelipwa mshahara bila kukatwa hata senti.

Sasa hesabu. Chukua mshahara wa shilingi 50,000 kwa mwezi, mwezi wowote kuanzia Februari 2025. NSSF, akiba ya uzeeni, ni asilimia 6, yaani 3,000. Bima ya afya, SHIF, ni asilimia 2.75, yaani 1,375. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 750. Tangu mwisho wa Desemba 2024 hayo yote matatu hutolewa kabla ya ushuru kupigwa. Jumla ni 5,125, kwa hiyo kinachotozwa ushuru ni 44,875. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10: 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25: 2,083.25. Zinabaki 12,542, za asilimia 30: 3,762.60. Jumla 8,245.85. Toa nafuu ya kibinafsi ya 2,400 kwa mwezi, unabaki na 5,845.85. Hiyo ndiyo PAYE ambayo P9 inapaswa kuonyesha mwezi huo, kama huna nafuu nyingine ya bima wala mkopo wa nyumba.

Hesabu hii ina maana kwa sababu kosa tunalokutana nalo kuliko yote linaonekana hapo hapo. Mtu anaingiza mshahara wote, 600,000 kwa mwaka, halafu anasahau visanduku vya makato. Mfumo unatoza kana kwamba hakuchangia NSSF, SHIF wala tozo ya nyumba, kisha unamwambia ana deni la zaidi kidogo ya shilingi 18,000. Anaogopa. Wengine hulipa. Ukiona deni ambalo ni kama asilimia 30 ya makato hayo matatu kwa mwaka, usitoe pesa. Rudi nyuma, kuna kisanduku umekiacha wazi. Deni la shilingi moja au mbili ni la kukadiria senti tu, lilipe uendelee.

Deni la kweli kwa mwajiriwa mara nyingi hutoka kwenye kazi mbili za wakati mmoja. Kila mwajiri anakupa ngazi ya asilimia 10 na nafuu ya 2,400, kana kwamba yuko peke yake. Ukilipwa 30,000 huku na 30,000 kule, tukiacha makato mengine, kila mmoja anakata 1,500. Ukiziunganisha 60,000 kwa mwezi, ushuru halali ni 10,383.35. Pengo ni zaidi ya shilingi 7,000 kila mwezi, na linakungoja Juni likiwa limejumlishwa la mwaka mzima. Ukijua una kazi ya pili, mwambie mwajiri wa pili asikupe nafuu tena na akukate kwa kiwango cha juu kinachokuhusu.

Ukiwa na daftari lililojaa, ingia iTax: PIN, nywila, na ile hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa wanayokuuliza kuthibitisha kwamba wewe ni mtu. Kwenye menyu ya "Returns", mwenye mshahara pekee huchagua "ITR For Employment Income Only". Fomu hiyo hujazwa papo hapo kwenye ukurasa, na sehemu kubwa utaikuta imeshajazwa kutokana na ritani za PAYE ambazo mwajiri huwasilisha kufikia tarehe 9 ya kila mwezi. Hapa ndipo daftari linapolipa. Linganisha kila tarakimu na P9. Mfumo ukionyesha miezi tisa na P9 ina kumi na miwili, tatizo liko kwa mwajiri: hakukuorodhesha miezi mitatu, au alikuorodhesha kwa PIN mbovu. Mhasibu wa kazini ndiye wa kulisahihisha. Usijaribu kulifunika kwa kuandika tarakimu zako juu ya zao ukitumaini hakuna atakayeona. Weka stakabadhi za mshahara tayari.

Mwenye biashara, ada za ushauri au mapato mchanganyiko anatumia IT1, ambayo ni faili la Excel. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na kusema kweli hili faili halikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Limejaa programu ndogo ndani yake, zinazoitwa makro, na bila makro ni jedwali bubu. Google Sheets haiziendeshi. Simu usijaribu. Tafuta kompyuta yenye Microsoft Excel. Tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili lolote lililotoka mtandaoni, kwa hiyo ukishapakua, kabla ya kulifungua, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", weka alama kwenye "Unblock" chini ya dirisha, kisha "OK". Likifunguka, kubali "Enable Editing" na "Enable Content". Ukiruka hatua hiyo, vitufe vyote vitakuwepo lakini havitafanya kazi, nawe utadhani faili limeharibika.

La pili ni tarehe. Fomu inataka siku, mwezi, mwaka. Kompyuta nyingi za saiba zimebaki na mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza, na 13/05 inakuwa tarehe isiyokuwepo. Badilisha mpangilio wa tarehe wa kompyuta yenyewe, si wa seli. Usibandike tarakimu kutoka faili jingine. Ziandike moja moja. Ukimaliza, bonyeza "Validate". Makosa yakiwepo utapewa orodha yake. Anza na la juu, maana mara nyingi ukilirekebisha hilo, matatu ya chini yanatoweka yenyewe. Ikikubali, inatengeneza faili la zip. Usilifungue, usilibadilishe jina, wala usiruhusu WhatsApp ilipe jina jipya njiani. Lipakie lilivyo. Jina likibadilika, iTax italikataa bila maelezo ya maana.

Neno kuhusu ritani ya sufuri, ambayo kila mtu huiita "nil". Ni rahisi, inafanyika kwa simu kupitia *572# au programu ya KRA M-Service, na ndiyo maana inatumiwa vibaya mno. Mhudumu wa saiba ana foleni, anakufanyia nil kwa dakika mbili, anakupa karatasi, unaondoka umeridhika. Lakini kama uliajiriwa hata miezi miwili, au kampuni iliyokulipa ada ilizuia asilimia 5 yake kama ushuru kwa PIN yako, KRA inazo taarifa hizo tayari, na umewasilisha tamko la uongo. Nil ni ya asiyekuwa na mapato kabisa mwaka mzima. Ukigundua ulifanyiwa nil kimakosa, tumia "File Amended Return" uisahihishe kabla hawajakuuliza.

Na huyo huyo wa saiba asishike funguo zako. Watu wengi walifunguliwa PIN kwa barua pepe ya mwenye saiba, na nywila ikabaki kwake. Saiba ikifungwa, wewe umefungiwa nje, kwa sababu nywila mpya hutumwa kwenye barua pepe hiyo. Kubadilisha barua pepe yenyewe mara nyingi kunakulazimu kwenda ofisi ya KRA au dawati lao kwenye Huduma Centre ukiwa na kitambulisho. Nenda Februari au Machi, wakati foleni ni ya watu kumi. Mzee asiyetumia mtandao afunguliwe barua pepe yake mwenyewe, nywila iandikwe kwenye kijitabu kinachokaa pamoja na hati ya shamba, na mwanawe amsaidie akiwa ameketi pembeni yake.

Ukiwa hapo dawatini, waombe wakuonyeshe majukumu ya ushuru yaliyoandikishwa kwenye PIN yako. Aliyekusajili huenda aliweka alama ya VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, kwa kuwa tu kisanduku kilikuwepo. Ritani ya VAT hutakiwa kila tarehe 20 ya mwezi, uwe umeuza au hukuuza, na ukikosa, adhabu ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya ushuru, iliyo kubwa. Mwaka mmoja wa kutojua ni 120,000 kwa mtu ambaye hata duka hana. Omba jukumu lisilokuhusu liondolewe, na upate jibu kwa maandishi.

Maandishi hayo yana uzito. Sheria ya taratibu za ushuru sasa inaruhusu kufutwa kwa adhabu na riba zilizozaliwa na mfumo wenyewe: kosa la mfumo, kuchelewa kusasishwa kwa taarifa, adhabu iliyojirudia kwa hitilafu, na jukumu lililoandikishwa kimakosa. Lakini ombi lisilo na ushahidi ni malalamiko tu. Ukurasa ukigoma, piga picha ya skrini nzima yenye tarehe na saa, pamoja na ujumbe wa kosa. Tuma barua pepe kwa KRA siku hiyo hiyo, hata kama ni Juni 30 usiku. Ikiwezekana, lakini, usifike huko. Wiki ya mwisho ya Juni mfumo hulemewa, na fomu iliyochukua dakika kumi na tano mwezi Aprili inakula mchana mzima.

Ukiwa na deni halali, mfumo utakutengenezea namba ya malipo, PRN. Lipa kwa M-Pesa, Paybill 222222, na PRN ndiyo namba ya akaunti. Usiiache ikapitwa na wakati. Kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya deni papo hapo, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, mbali na ile adhabu ya kuchelewesha ritani.

Ritani ikikubalika, utapata risiti ya kukiri kupokea yenye namba yake. Ichapishe. Ichapishe mara mbili ukiweza, uibane pamoja na P9, stakabadhi za mshahara, ujumbe wa M-Pesa na ule ukurasa wa daftari, kwenye bahasha iliyoandikwa mwaka. Sheria inataka utunze kumbukumbu miaka mitano. Mwezi Julai ingia tena uangalie leja yako kwenye iTax: malipo yanapaswa kuonekana na salio kuwa sufuri. Kama halijawa sufuri, unayo bahasha ya kwenda nayo dawatini.