Maswali ya Wasomaji: Mlezi Wangu Anataka Niache Lafudhi Yangu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Kasulu. Ninaishi Mwanga, hapa Kigoma, kwa mzee mmoja mwigizaji wa vichekesho aliyeniona nikiigiza shuleni, akanichukua, na tangu hapo ananilisha, ananifundisha na kunipa nafasi katika kikundi chake. Jioni hutuonyesha filamu za zamani za Uingereza, na juzi aliniambia kwamba waigizaji Alastair Sim na George Cole waliishi kama tunavyoishi mimi na yeye. Je, ni kweli? Nauliza kwa sababu mzee anataka niiache kabisa lafudhi yangu ya Kiha, ilhali watazamaji hucheka zaidi ninapoiachia, nami naogopa kumbishia mtu aliyenipa chakula na kitanda.
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Mdogo wangu, mzee wako hakukudanganya, ila inaonekana hakuifikisha hadithi mwisho.

Sim alizaliwa Edinburgh mwaka 1900, na kabla hajaingia katika uigizaji wa kulipwa mwaka 1930 alikuwa akifundisha ufundi wa matamshi chuoni mjini humo, kwa hiyo kunyoosha ndimi za vijana ilikuwa kazi yake hata kabla ya jukwaa. (Sitashangaa nikisikia kwamba mzee wako naye aliwahi kushika chaki.) Mwaka 1940 alikutana na Cole katika mchezo wa kuigiza uitwao Cottage to Let. Cole alikuwa na miaka 15, amelelewa kusini mwa London na wazazi waliomchukua akiwa mtoto mchanga, na humo aliigiza mtoto wa London aliyehamishiwa mashambani kwa sababu ya vita. Mabomu ya Wajerumani yalipozidi kuangukia jiji, Sim na mkewe Naomi walimkaribisha nyumbani kwao nje ya London, yeye pamoja na mama yake mlezi. Zingatia hilo la mama: kijana hakutakiwa kuwakana wa kwao ndipo apate mwalimu.

Ni kweli pia kwamba Sim alimsaidia kuondokana na lafudhi ya mitaani mwa London, ile iitwayo Cockney, na faida yake ilionekana. Katika filamu ya Scrooge ya mwaka 1951 wawili hao waliigiza mtu mmoja, Sim akiwa bahili mzee na Cole akiwa bahili yuleyule ujanani, jambo ambalo lingekuwa gumu kuaminika kama kijana angekuwa na sauti moja tu.

Lakini mwombe mzee awaonyeshe The Belles of St Trinian's ya mwaka 1954. Humo Sim ndiye mwalimu mkuu wa kike wa shule ya wasichana watukutu, na ndiye pia kaka wa mwalimu huyo, nafasi mbili ambazo mwigizaji mwenye choyo angezitumia kuwafunika wote. Pembeni yake yuko Cole, mlanguzi mjanja aitwaye Flash Harry, akizungumza kwa lafudhi ileile aliyofundishwa kuiacha. Mhusika huyo alipendwa, na Cole aliendelea kumwigiza katika filamu tatu zilizofuata. Tena kuanzia mwaka 1979, Sim akiwa amekwisha kufariki miaka mitatu kabla, ni mjanja mwingine wa London, Arthur Daley wa tamthilia ya televisheni ya Minder, aliyempa Cole umaarufu mkubwa kuliko wote aliowahi kuupata.

Kwa maoni yangu, basi, mzee ana haki ya kukudai Kiswahili kisicho na lafudhi ya kwenu, kwa kuwa siku utakapopewa nafasi ya hakimu au daktari utakihitaji, lakini ana haki ndogo sana ya kukudai uisahau Kasulu. Usimbishie mbele ya kikundi, wala usimwachie watazamaji wamjibu kwa niaba yako. Msubiri amalize chakula cha jioni, umwamkie kama kawaida, umweleze kwamba mazoezi ya matamshi utayaendeleza, kisha umwombe nafasi moja tu ya mchuuzi wa migebuka kutoka Kasulu katika mchezo ujao, yeye akiwa mteja anayepunguziwa bei.